Wakwe Wawili na Treni Inayolalia Kona

Delfina Rovera alipobanwa na msuli usiku hakupiga yowe. Alipiga ukuta. Kando ya kitanda chake aliegemeza mwiko mrefu wa kusongea polenta, ugali wa kwao, na shavu la mguu lilipojikunja likawa gumu kama gunzi, aliunyakua mwiko ule akagonga, akangoja, akagonga tena. Upande wa pili wa ukuta alilala Ivana, mke wa mwanawe.

Tuseme aliyekuwa mke wa mwanawe. Ezio alikwenda Livorno kufunga kreni bandarini, kazi ya miezi michache tu, na jioni moja akapiga simu kusema harudi. Huko kulikuwa na mwanamke, jina lake Loredana. Ivana aliipokea habari ile amesimama ukumbini na koti la kazi mwilini, akamkabidhi Delfina mkonga wa simu, akaenda kuoga. Nyumba ilikuwa ya Delfina. Kila mtu pale mjini Savigliano alitarajia kuwa Ivana angehama kabla ya Krismasi, na hata yeye mwenyewe alitarajia hivyo. Lakini Delfina akaanguka kwenye ngazi akavunjika kiwiko, ikabidi awepo mtu wa kumfunga vifungo. Halafu ikaja baridi. Halafu watu wakachoka kuuliza, na wao wawili hawakulizungumza tena. Waliitana "mkwe," huyu kwa yule, na neno hilo moja lilibeba salamu, lawama na samahani.

Basi mwiko ukigonga, Ivana aliinuka bila kuwasha taa. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, akashika kisigino cha bibi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akavisukuma vidole kuelekea gotini, mpaka msuli ukaachia.

"Taratibu," Delfina alisema. "Huo ni mguu wa mtu, si breki."

"Ukitaka taratibu, mwite mwanao."

"Mwanangu ana mikono mizuri."

"Nayo iko Livorno."

Hapo Delfina alijifanya amelala.

Lakini Ivana naye alikuwa na miguu yake. Alikuwa mkuu wa treni, kwenye ile treni inayolalia kona. Treni hizo zilitengenezwa palepale Savigliano, katika kiwanda alichostaafia marehemu Tullio, mume wa Delfina, na watu wa mji huzizungumzia kama mtu anavyomzungumzia binamu aliyefanikiwa mjini. Reli ya pwani ni ya kale, kona tupu, na treni ya kawaida ikithubutu kwenda mbio pale itawatupa abiria madirishani. Hii huinama kama mwendesha pikipiki, ikapita. Aliyekaa aghalabu hana habari, kahawa yake haimwagiki. Anayejua ni aliyesimama. Sakafu humwinukia mguu huu na kumkimbia mguu ule, handaki baada ya handaki, kutoka Torino mpaka Roma, naye kashika mashine ya tiketi na anatakiwa atabasamu. Mwili hauambiwi kwamba zamu imekwisha. Ivana alipolala, miguu iliendelea kuitafuta sakafu, na ilipoikosa ilijikaza yenyewe.

Walikuwa wamejaribu kila lililosemwa. Walikula ndizi mpaka wakazichukia. Walikunywa unga wa magnesi, ule wa duka la dawa unaochemka kwenye glasi na kuacha ladha ya chaki. Daktari alimbadilishia Delfina kidonge cha presha, akampa kingine, naye akakilalamikia nacho. Jirani mmoja alimwambia kuwa vizibo vya chupa za mvinyo vikitandazwa chini ya shuka, misuli haikazi. Delfina akavikusanya kwa majirani wote, akajaza kitanda chake, akabakiwa na vingine, akavitia kitandani kwa Ivana bila kusema. Ivana alirudi kutoka Roma akiwa hoi, akajitupa kitandani, akainuka na kizibo kimegandama mbavuni. Alivisogeza upande wa ukutani, akalala.

Kulikuwa na usiku mmoja, mwishoni mwa Februari, ambapo walibanwa wote wawili kwa wakati mmoja. Mwiko uligonga, na Ivana hakuweza kuinuka kwa kuwa msuli wake ulikuwa umekwisha kumkamata. Kila mmoja alijikokota kwa njia yake mpaka jikoni, kwa sababu vigae vya jikoni ndivyo vyenye baridi kuliko vyote, na baridi ya kukanyaga peku husaidia kidogo. Wakasimama pale na gauni zao za kulalia, wameishika meza huku na huku.

"Tunafanana na kuku waliooza miguu," alisema Delfina.

"Usinichekeshe. Nikicheka unakaza zaidi."

Walisimama. Msuli wa Ivana ukaanza kulegea. Delfina alikuwa anautazama mguu wake, si mkwe wake, aliposema:

"Wanabatiza Jumapili ya pili ya Machi."

"Nani?"

"Mtoto. Wamempa jina la marehemu. Tullio."

Ivana na Ezio walimngoja mtoto miaka mingi. Walizunguka kwa madaktari mpaka Milano, na mtoto hakuja, na mwishowe wakaacha hata kulitaja jambo hilo mezani. Sasa Ivana alichukua kitambaa akaifuta meza, ingawa haikuwa na kitu.

"Jina zuri," alisema.

"Nataka kwenda."

"Nenda, mkwe. Nani amekukataza?"

"Nataka kwenda na treni yako. Tullio aliyatengeneza mabehewa hayo mpaka akazibika masikio, na mimi sijawahi kupanda hata moja."

Ivana alitamani kusema kwamba kuna treni nyingine, kwamba zinapita kila siku, kwamba si lazima yeye ndiye ampeleke bibi kwa mtoto wa yule mwanamke. Lakini ilikuwa usiku, alikuwa amechoka, na zamu yake ilianza alfajiri. Akasema ataangalia ratiba.

Jumamosi ile waliondoka Savigliano pamoja kwa treni ndogo ya wafanyakazi. Delfina alivaa koti lake la misibani akabeba kopo la biskuti za njugu alizooka mwenyewe. Torino, Ivana alimpeleka mpaka kwenye kiti chake, akamwonyesha choo, akaenda kushika kazi yake.

Alipopita kukagua tiketi, Delfina alimpa yake kama mtu asiyemfahamu.

"Habari za asubuhi, bibi," alisema Ivana.

"Nzuri, mama. Treni yenu itawahi?"

"Mungu akipenda."

Mwanamume aliyekaa mkabala na Delfina, mtu wa makamo mwenye gazeti la michezo, alitabasamu kidogo. Ivana akaenda zake behewa la pili.

Walipoanza kushuka milimani kuelekea Genova, treni ikaanza kuinama, na Delfina akakoma kula biskuti. Baada ya Genova, bahari ilionekana dirishani, ikapotea handakini, ikaonekana, ikapotea. Ivana alikuwa kwenye behewa la chai akizungumza na Gualtiero, muuza kahawa, abiria mmoja alipokuja kusema kuna bibi anaumwa.

Alimkuta Delfina amejikunja nusu, mkono mmoja umeng'ang'ania kiti cha mbele, uso wa kijivu. Kichefuchefu kilikuwa kimempanda, na alipojikaza asitapike mguu nao ukakaza.

"Ule ule?" Ivana aliuliza.

Delfina alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na mwiko wa kugonga.

Ivana akaiweka mashine ya tiketi kitini, akapiga magoti kwenye ujia, akamvua bibi kiatu na kuvuta soksi. Akashika kisigino. Treni ikalala upande wa kulia, naye akajizuia kwa bega kwenye mguu wa kiti, akavisukuma vidole. Handakini taa zilififia zikarudi. Treni ikalala upande wa kushoto. Kofia ikamwanguka. Abiria wakainua vichwa, mmoja baada ya mwingine, kumtazama mkuu wa treni aliyepiga magoti na kukumbatia mguu wa kikongwe.

"Taratibu," Delfina alinong'ona.

"Pumua. Usinisemeshe, pumua."

Msuli ulichelewa kuachia. Ulipoachia, Delfina alipumua kwa kishindo, akajifuta midomo kwa leso. Yule bwana wa gazeti aliguswa.

"Ni binti yako, bibi? Una bahati."

"Bahati gani? Ana mikono kama fundi bomba," alisema Delfina. "Ni mkwe wangu. Mwanangu alimwacha. Sasa naenda kwenye ubatizo wa mtoto wa yule mwingine."

Bwana yule alirudi kwenye gazeti lake, akalikunjua mpaka likamfunika uso. Ivana aliokota kofia yake. Masikio yalikuwa yanamwaka moto, naye alikuwa amekasirika sana, na chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuwa na nguvu ya kukiangalia. Akamwomba Gualtiero ampelekee bibi chai ya limau na mfuko wa karatasi, kwa tahadhari.

Livorno, Ezio alikuwa jukwaani. Ivana alimwona kabla treni haijasimama kabisa. Alikuwa ameongezeka mwili, nywele zimepungua mbele, na alivaa jaketi ambalo Ivana hakulifahamu. Alikuwa peke yake. Kwa kazi yake Ivana ilibidi asimame pale mlangoni, filimbi mkononi, huku Ezio akimshusha mama yake ngazi moja moja, akalipokea kopo la biskuti, akambusu huku na huku.

"Ivana," alisema.

"Ezio."

"Mmechelewa."

"Kidogo."

Ezio alitazama viatu vyake. Delfina alimshika mkono akamvuta kuelekea mlango wa kutokea. Ivana akatazama mbele, akatazama nyuma, akapuliza filimbi. Kwa muda mrefu alikuwa ameuogopa mkutano huo. Aliwahi kupanga maneno ya kumwambia, akiyafanyia mazoezi kwenye vyoo vya treni mbele ya kioo. Sasa mkutano ulikuwa umepita, na alichokisikia ni uchovu tu, uchovu wa kawaida wa mwisho wa safari, ingawa Roma ilikuwa bado mbali.

Usiku ule, katika hosteli ya wafanyakazi wa reli, msuli ulimbana vibaya, miguu yote miwili. Aliuma taulo. Aliegemea ukuta mikono juu, visigino chini, kama mtu anayepekuliwa na polisi, na akangoja peke yake mpaka ukaisha.

Mpango wao ulikuwa kwamba Jumapili jioni, treni ikirudi, Delfina apande Livorno. Treni iliposimama pale Ivana alishuka. Alitazama jukwaa lote. Kulikuwa na mabaharia wachache, mwanafunzi mwenye gitaa, wanandoa wazee wanaogombana kuhusu sanduku. Delfina hakuwepo. Dereva alimpigia simu ya ndani kuuliza kuna nini. Ivana akapuliza filimbi.

Nyumbani alikuta simu inalia.

"Nimekaa," ilisema sauti ya Delfina. "Mtoto ana tumbo la kunyonga, analia usiku kucha, na huyu msichana hajui kumbeba. Ezio amenipa chumba."

"Vizuri."

"Kina dirisha la kuonea bahari."

"Vizuri, mkwe. Dawa zako unazo?"

"Ninazo."

"Basi lala salama."

Wiki ile Ivana alikuwa na nyumba nzima peke yake. Alikula amesimama. Alifungua redio akaifunga. Hakuna aliyemgongea ukuta, na angeweza kulala mpaka kuche, lakini kila usiku alizinduka saa ileile akasikiliza. Siku ya tatu alianza kuangalia matangazo ya nyumba za kupanga gazetini. Alifikiri: sasa ndiyo imekwisha, bibi amepata mjukuu, mimi hapa nakaa kama nani? Alizungushia duara tangazo la chumba kimoja huko Torino, karibu na stesheni. Gualtiero alipomuuliza mbona amenyong'onyea, alisema ni misuli.

Kisha Jumamosi mchana, akiwa anaanika nguo kwenye roshani, alimwona Delfina anakuja na mtaa, polepole, kopo la biskuti kwapani na begi linaburuzwa. Ivana alishuka ngazi mbio, akamkuta amekaa kwenye ngazi ya kwanza, anahema.

"Umekuja na nini? Treni yangu haipiti leo."

"Treni yako siipandi tena. Ile kazi ya Tullio inatapisha watu, Mungu amrehemu." Delfina alijipepea kwa tiketi. "Nimekuja na zile za vijiji. Nimebadili Pisa, nimebadili Genova, nimebadili huko sijui kunaitwaje, kuna baridi na hakuna baa. Nimetoka kabla ya jua."

"Ezio amekuruhusu?"

"Mimi naomba ruhusa kwa mtoto niliyemfuta kamasi?"

Ivana alichukua begi. Walipanda, wakipumzika kila ghorofa. Jikoni aliweka birika dogo la kahawa motoni, na Delfina akavua viatu, akaiweka miguu yake iliyovimba juu ya kiti cha pili.

"Kile chumba kilikuwaje?" Ivana aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Kizuri. Godoro laini, unazama kama kwenye unga. Usiku wa kwanza nikabanwa. Nikagonga ukuta kwa kiatu. Akaja Loredana, amewasha taa zote, nywele timtim, akaniuliza, 'Mama, niite ambulansi?'"

Ivana aligeuka.

"Nikamwambia nisukume vidole. Akavishika kama ameshika yai. Akaanza kulia, maskini. Mtoto analia, yeye analia, mimi nalia mguu." Delfina alitikisa kichwa. "Si mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya, ningestarehe. Hajalala tangu azae, ndiyo shida yake."

"Na Ezio?"

"Ezio amelala. Huyo mabomu yakipigwa atalala."

Ivana alicheka kidogo, kwa maana hilo alilijua. Kahawa ikapanda. Akamimina vikombe viwili, akakaa.

"Ezio anataka nihamie kule moja kwa moja," Delfina alisema. "Nyumba hii tuiuze. Nikamwambia haiuzwi, kuna mtu anakaa."

"Mkwe, mimi naweza kutafuta chumba. Nimeshaanza kuangalia."

"Nimeliona gazeti hapo ukumbini. Sina upofu." Delfina alikunywa kahawa. "Ukitaka kwenda, nenda. U mtu mzima, na mwanangu amekukosea, na mimi si mzigo wako. Lakini usiende kwa kudhani nimekufukuza. Mimi nimetapika mpaka Livorno na nimerudi kwa treni nne. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya dirisha na bahari."

Ivana alikizungusha kikombe chake mezani. Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki inayokataa.

"Yule mtoto," alisema mwishowe. "Anafanana na nani?"

Delfina alimtazama kwanza, kama anayepima. Kisha akafungua pochi yake, akatoa picha iliyokunjika pembe moja, akaisukuma mezani, si mbali sana.

Ivana aliifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuishika. Mtoto alikuwa na gauni jeupe refu kupita miguu, uso umekunjamana, mdomo wazi kwa kilio. Masikio yalikuwa makubwa, yamesimama, masikio ya marehemu Tullio yale yaliyotaniwa kiwandani kwa miaka yote. Aliitazama kwa muda mrefu. Delfina alimwacha. Kahawa ya Ivana ilipoa na hakuigusa.

"Wamembana kola," alisema Ivana. "Ndiyo maana analia."

"Nami niliwaambia hivyo hivyo."

Ivana aliinuka, akaichomeka picha kwenye kioo cha kabati la vyombo, kati ya kalenda ya duka la dawa na picha ya Tullio. Ikaanguka, akairudisha, akaikaza na pini. Kisha akaliokota gazeti kule ukumbini, akalirarua vipande viwili, akakitandaza kimoja mezani, akamwagia viazi juu yake, akaanza kumenya.

Masika hayo aliandika ombi la kuhamishiwa kwenye treni za mikoa, zile za polepole zinazosimama kila penye taa. Gualtiero alimwambia amejishusha cheo. Ivana akasema sakafu ya kule imetulia. Misuli haikuacha kumbana, ila ilipunguza, na daktari alisema asitarajie zaidi ya hapo. Agosti, Ezio alimleta mtoto Savigliano kwa siku mbili, Loredana akabaki Livorno kulala. Ezio alipofika mlangoni hakujua amkabidhi nani mtoto, mikono yake ikasita katikati ya wanawake wawili. Delfina alikuwa na sufuria mkononi.

"Mpe mkwe wangu," alisema. "Mimi naunguza."